Kidonge Kipya cha Ugonjwa wa Misuli: Nani Anamjaribu Nani?

Jirani yangu wa Majengo, hapa Moshi, ana kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa usawa wa kifua, chini kuliko kamba zote za uani kwao, kiasi kwamba shuka ikianikwa pindo lake hugusa vumbi. Mwanawe ndiye aliyeishusha, baada ya kumwona mama yake akiirusha kanga kuelekea kamba kama mtu anayetupa jiwe juu ya bati, kwa sababu mikono ilikuwa imekataa kupanda kupita mabega. Mwanzoni mama huyu alidhani ni uchovu wa shamba, kisha akadhani ni baridi yabisi, na ndugu wa mume wakawa wameshaanza kunong'ona mengine. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja ndipo daktari wa ngozi, wala si wa mifupa, alipomtazama kope na vifundo vya vidole akamtajia ugonjwa ambao hadi leo hulitamka jina lake kwa kulikatakata: dematomayositisi.

Siku moja alinijia na simu mkononi. Kwenye kundi lao la WhatsApp mtu alikuwa ametuma sauti akieleza, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba dawa mpya ya kumeza ya ugonjwa wa misuli imepatikana, kwamba inajaribiwa kwa watu, na kwamba baadhi ya watu hao hupewa vidonge visivyo na kitu bila kuambiwa ni nani kapewa kipi. Jirani yangu alinikazia macho akaniuliza, "Kaka, hicho kidonge kinanijaribu mimi, au mimi ndiye ninayekijaribu?" Siku ile nilimjibu ovyo. Swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo linalowachanganya watu kuhusu majaribio ya dawa.

Tuanze na jina la ugonjwa. Mayositisi ni jina la jumla la kundi la magonjwa ambamo misuli huvimba na kuharibika kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Ninasema misuli, yaani ile minofu inayotuinua na kututembeza, kwa sababu mtu wa kwetu akisema "mishipa inaniuma" mara nyingi ni misuli anayoikusudia, ilhali mshipa ni njia ya damu au ya fahamu. Uvimbe wenyewe nao usidhaniwe kuwa jipu la kushikika kwa mkono. Uko ndani kwa ndani, kati ya nyuzi za msuli, na mara nyingi hauonekani ila kwa darubini au kwa picha za mashine. Ukiambatana na mabadiliko ya ngozi unaitwa dematomayositisi. Ipo pia polimayositisi, isiyogusa ngozi, na ipo aina nyingine inayowapata zaidi watu waliovuka miaka 50, ambayo hunyong'onyeza mapaja na vidole na kwa kawaida haisikii dawa tulizonazo.

Kinga ya mwili kushambulia mwili ni jambo gumu kulikubali, lakini aliyewahi kuishi mtaa wenye sungusungu atalielewa upesi. Vijana wa ulinzi wamewekwa kwa nia njema wawakamate wezi, na kwa miaka wanafanya kazi hiyo vizuri. Kisha usiku mmoja wanaanza kuwavamia wenye nyumba, wakiwaona wote ni wezi, na kila mwenye nyumba anayepiga kelele anazidi kuwathibitishia kuwa kuna hatari. Huwezi kuwafukuza wote, maana wezi wa kweli wapo. Unachoweza ni kuwatuliza kwa kiasi, na hicho ndicho kiini cha matibabu yote ya ugonjwa huu pamoja na ugumu wake wote.

Dalili zake hujificha ndani ya kazi za kila siku. Msuli unaoanza kuishiwa nguvu ni ule mkubwa ulio karibu na kiwiliwili, wa mabega na wa nyonga, hivyo mgonjwa anaweza kushika kalamu na kufunga vifungo vizuri huku akishindwa kusuka nywele, kujitwika ndoo, kupanda daladala bila kuvutwa mkono, au kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa bila kujisukuma magotini. Wengine hupaliwa wanapomeza. Kwenye ngozi, vitabu vingi husema kope hugeuka rangi ya zambarau, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu rangi hiyo huonekana kama weusi uliozidi, au kama kope za mtu aliyetoka kulia msibani. Juu ya vifundo vya vidole hutokea vipele vyenye magamba ambavyo ni rahisi kuvidhania kuwa ni athari za sabuni. Sisi wa Moshi tuna bahati kidogo katika hili, kwa kuwa pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ugonjwa huu hauambukizi, haurushwi na mtu, na si kiharusi, ingawa udhaifu wake huweza kufanana nacho machoni pa ndugu. Kwa baadhi ya watu wazima hufuatana na saratani iliyojificha, na ndiyo sababu daktari makini haishii kwenye misuli bali hutafuta kwingine pia. Huweza pia kugusa mapafu. Ni ugonjwa adimu: wanaogundulika kila mwaka ni wachache tu kwa kila watu milioni moja, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kwa miongo mingi silaha ya kwanza imekuwa steroidi, hasa prednisoloni. Ukoo huu wa dawa ulianza kutumika mwaka 1948, pale Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipomdunga kotizoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, naye baada ya siku chache akainuka. Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Ni dawa yenye nguvu kweli, na ndiyo maana ina bei yake mwilini. Ikitumika kwa miezi huujaza uso ukawa wa duara, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na kwa kejeli ya mambo hudhoofisha hata misuli yenyewe. Wapo wanaoinunua kwenye maduka ya dawa ili wanenepe, jambo ambalo ningelipigia kelele makala nzima kama lingekuwa mada ya leo. Anayeitumia kwa muda mrefu hapaswi kuikatisha ghafla, kwa kuwa tezi za mwili zinazotengeneza kemikali ya aina hiyo huwa zimelala na huhitaji muda wa kuamka.

Ili kupunguza prednisoloni, madaktari huongeza dawa kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki wala si kwa siku, maana kosa hilo limewahi kuua. Halafu kuna dripu ya chembe za kinga zilizochujwa kutoka katika damu ya maelfu ya wachangiaji, ambayo mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha moja ya aina zake kwa ajili ya dematomayositisi. Kipimo kilichotumika katika utafiti wake kilikuwa gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya wiki 4. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120, zinazoingizwa mshipani polepole kwa siku kadhaa akiwa amekaa hospitalini, mwezi baada ya mwezi. Hesabu nauli ya kutoka Rombo au Karatu, hesabu siku za kazi zilizopotea, hesabu friji ya kuhifadhia dawa yenyewe, utaona kwa nini wagonjwa na watafiti wanakitamani kidonge.

Hapa ndipo tunapokutana na imani iliyokita mizizi kwetu, kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Nimemsikia mtu akitoka zahanati amenuna kwa sababu "wamenipa vidonge tu". Ukweli ni kwamba njia ya kuingilia haiamui nguvu ya dawa, bali umbile la dawa ndilo linaloamua njia ya kuingilia. Chembe za kinga zilizomo katika ile dripu ni protini, kama ilivyo protini ya yai au ya maharage, na ukizimeza tumbo litazisaga kama linavyosaga maharage, zisifike kokote zikiwa nzima. Ili dawa imezwe na ifanye kazi, kwa kawaida inapaswa kuwa chembe ndogo inayoweza kustahimili asidi ya tumbo, kupenya ukuta wa utumbo na kuingia ndani ya seli. Dawa inayopata sifa zote hizo inaweza kuwa na nguvu sawasawa na ya sindano, na hatari sawasawa pia. Kidonge si dripu iliyofanywa nyepesi.

Vidonge vipya vinavyozungumzwa siku hizi ni vya familia iitwayo vizuizi vya JAK, na kazi yao inahitaji picha moja zaidi. Seli za kinga huambiana mambo kwa kutumia kemikali zinazosafiri kwenye damu. Kemikali hizo haziingii ndani ya seli. Huishia mlangoni, na ndani ya mlango kuna protini inayopokea habari na kuipeleka hadi kwenye kiini, kama balozi wa nyumba kumi anayepokea tangazo la mtendaji na kulisambaza kwa watu wake. Mabalozi hao wako wanne, na majina yao ni JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. Katika dematomayositisi tangazo linalosikika kupita yote linaitwa interferoni, ambayo kwa desturi ni mbiu ya kutangaza kwamba kirusi kimeingia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika ugonjwa huu mbiu inalia usiku na mchana na jambo lenyewe halipo. Interferoni ya aina hiyo hupitia kwa mabalozi wawili, JAK1 na TYK2, na brepositinibu, dawa ya kumeza iliyofika mbali zaidi katika majaribio ya dematomayositisi, ilitengenezwa iwazibe midomo hao wawili hasa.

Sasa tufike kwenye lile neno linalotisha, jaribio. Kiswahili chetu kimelibebesha neno hili mizigo miwili: shetani humjaribu mtu, na fundi hujaribu injini. Jirani yangu alikuwa na haki ya kuuliza ni mzigo upi uliokusudiwa. Jaribio la dawa ni la fundi na injini, kwa maana kwamba kinachowekwa kizimbani ni dawa, naye mgonjwa ni shahidi aliyekubali kwa hiari kuja kutoa ushahidi wa mwili wake na ambaye anaweza kuondoka mahakamani wakati wowote.

Dawa haianzii kwa mgonjwa. Huanzia maabara, kisha kwa wanyama, ndipo iingie hatua ya kwanza kwa watu, makumi kadhaa tu na aghalabu wazima wa afya, ili ijulikane inakaaje mwilini na kipimo gani kinavumilika. Hatua ya pili huwachukua wagonjwa wachache kuona kama kuna dalili yoyote ya kusaidia. Hatua ya tatu ndiyo yenye ubishi wote, kwa sababu humo dawa hupambanishwa na kitu kingine mbele ya watu wengi zaidi, na humo hasa ndimo kinamoingia kidonge kitupu.

Mkulima wa kahawa wa Machame au Kibosho hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Pale Lyamungo, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, mche mpya unaodaiwa kuhimili chulebuni na kutu ya majani hausifiwi kwa kupandwa peke yake kwenye kona yenye mbolea. Hupandwa jirani na mche wa zamani, kwenye udongo uleule na mvua ileile, na vipande vya shamba hugawanywa kwa kura ili mtafiti asije akaupa mche anaoupenda sehemu yenye rutuba. Wala si mfano tu wa kurahisisha mambo. Utaratibu wa kugawa kwa kura ulizaliwa shambani kweli, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako Ronald Fisher aliukuza miaka ya 1920, na hospitali ziliuazima baadaye. Utafiti wa tiba uliofungua njia hiyo ulichapishwa mwaka 1948, ukihusu dawa ya kifua kikuu iitwayo streptomaisini kwa wagonjwa 107.

Kugawanywa kwa kura kuna maana kwamba mgonjwa hachagui kundi, na daktari wake hamchagulii. Kompyuta ndiyo inayopanga. Kisha vidonge vya makundi yote hutengenezwa vifanane kwa rangi, umbo na ukubwa, na siri ya nani anameza nini hufungiwa mbali na mgonjwa, mbali na muuguzi, na mbali na daktari anayempima. Kidonge kisicho na dawa ndani yake ndicho kinachoitwa plasebo. Watu wengi husimama hapa na kukasirika: mbona mgonjwa anadanganywa? Lakini hadanganywi, kwa sababu kabla ya kuanza ameambiwa kwamba huenda akapata kitupu, na kiwango cha uwezekano huo kimeandikwa katika fomu aliyoisaini. Wala kwa kawaida haachwi bila tiba. Katika majaribio ya ugonjwa huu wengi wa washiriki huendelea na prednisoloni au dawa nyingine waliyokuwa nayo, na kidonge kinachojaribiwa huongezwa juu yake. Swali huwa ni kama nyongeza hiyo ina faida.

Kuna sababu nzito ya kufanya hivyo, na hapa ningeomba msomaji atulie nami kidogo, kwa kuwa ndipo penye fundo. Ule utafiti wa dripu nilioutaja, uitwao ProDERM na uliochapishwa mwaka 2022, uliwachukua watu 95 wenye dematomayositisi. Waliopata dripu ya kweli walikuwa 47, na baada ya wiki 16 watu 37 kati yao, yaani asilimia 79, walikuwa wamepata nafuu iliyofikia kipimo. Waliopata dripu tupu walikuwa 48. Ukimuuliza mtu wa kawaida wangapi kati yao walipata nafuu, atasema hakuna, au wawili watatu. Walikuwa 21, asilimia 44. Baada ya hapo nao wakahamishiwa kwenye dripu ya kweli.

Watu 21 waliokuwa wamedungwa kisicho na dawa walipata nafuu ya kupimika. Hawakuwa waongo wala wajinga. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, watu hujiunga na utafiti wakiwa wamezidiwa kwa hiyo wengi wana nafasi ya kupata nafuu kuliko kuzidiwa zaidi, dawa za zamani walizokuwa nazo zinaendelea kufanya kazi, wanapimwa mara kwa mara na watu wanaowajali, na matumaini nayo hufanya misuli isukume kwa nguvu zaidi siku ya kipimo. Kama kundi hilo lisingekuwepo, nafuu yao yote ingeandikwa kwenye hesabu ya dawa. Faida halisi ya dripu ni ile tofauti kati ya 79 na 44, si 79 nzima.

Wakazi wa Arusha wa umri wangu hawawezi kusoma hesabu hiyo bila kukumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Walitoka Kenya, walitoka Uganda, walikuja kwa helikopta na kwa malori ya ng'ombe. Wengi walirudi wakishuhudia kuwa wamepata nafuu, nami siamini kwamba walikuwa wakitunga. Walikuwa wanasema walichokisikia mwilini mwao. Tatizo la ushuhuda ni kwamba hauna kundi la pili. Hakuna aliyejua wangapi wangejisikia vizuri baada ya safari ileile, sala ileile na kikombe cha maji yaliyochemshwa na jani la kawaida, na wakati huohuo wapo walioacha dawa zao za UKIMWI.

Tusidhani kuwa wanasayansi wenyewe hawanaswi na mtego huu. Dawa moja ya dripu, rituksimabu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mayositisi katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, ambamo kundi moja liliipata mapema na jingine likacheleweshwa kwa wiki 8. Kati ya watu 195 waliohesabiwa, 161 walipata nafuu, idadi ambayo ingeweza kutangazwa kwa tarumbeta. Hata hivyo, walioanza mapema hawakutangulia kupata nafuu kuliko waliocheleweshwa, kwa hiyo utafiti haukufikia lengo lake, na hadi leo wataalamu wanabishana kama aliyeshindwa ni dawa au ni mpangilio wa utafiti.

Nafuu yenyewe inapimwaje? Wengi wetu tunaamini kipimo cha damu ndicho mwisho wa ubishi. Katika mayositisi hutumika alama ya jumla kutoka 0 hadi 100, iliyokubaliwa na wataalamu wa mabara mbalimbali mwaka 2016, inayochanganya mambo sita. Nguvu ya misuli inayopimwa kwa mkono wa mtaalamu ndiyo nzito kuliko yote, na huweza kuchangia hadi alama 32.5. Maoni ya daktari yana hadi 20, na hali ya viungo vingine kama ngozi na mapafu nayo hadi 20. Maoni ya mgonjwa na uwezo wake wa kufanya shughuli za kila siku yana hadi 10 kila kimoja, na vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu vinaishia 7.5. Ukipata 20 umepata nafuu ndogo, 40 ni ya wastani, 60 ni kubwa. Kwa lugha ya uani, kule kuweza kuinuka kwenye kigoda kunahesabika kuliko karatasi ya maabara, na mimi naona ndivyo inavyostahili.

Kwa mizani hiyo tunaweza kusoma habari ya brepositinibu bila kuruka wala kulia. Utafiti wa hatua ya tatu, uliopewa jina VALOR, ulikuwa na washiriki 241 na ulidumu wiki 52, ukilinganisha miligramu 30 kwa siku, miligramu 15 kwa siku, na kidonge kitupu. Matokeo yalitangazwa Septemba 2025: waliomeza miligramu 30 walipata wastani wa alama 46.5, na waliomeza kitupu 31.2. Mtu anaweza kuona idadi ya 241 ni ndogo, hasa akikumbuka kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo, ilihusisha watoto zaidi ya 15,000. Lakini malaria iko kila nyumba, na ugonjwa adimu haukupi watu elfu hata ukizunguka nchi nyingi. Tofauti ya alama 15 ni ya kweli na ina thamani kwa mtu anayetaka kupunguza prednisoloni. Haimaanishi kupona. Alama 46.5 ni nafuu ya wastani, na yule aliyesema kwenye simu kwamba "dawa imepatikana" aliruka maneno kadhaa muhimu.

Madhara nayo yamo ndani ya jinsi inavyofanya kazi. Ukimziba balozi mdomo, hata mbiu ya kirusi cha kweli itafika kwa shida, na ndiyo sababu mkanda wa jeshi hujulikana sana kwa watumiaji wa familia hii ya dawa, na kabla ya kuanza mtu hupimwa kifua kikuu kilicholala na homa ya ini. Kwa nchi yetu hilo si jambo la pembeni, kwa maana wengi wetu tunabeba vimelea vya kifua kikuu bila kuumwa. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa kadhaa za familia hii zinazotumika kwa baridi yabisi ziwekewe onyo kali kuhusu moyo, kuganda kwa damu, saratani na vifo, baada ya utafiti wa mojawapo kuonyesha hatari hizo. Jaribio la mwaka mmoja kwa watu 241 haliwezi kuona kila hatari inayojitokeza kwa mtu mmoja kati ya elfu. Hiyo ndiyo sababu ya hatua ya nne, ambayo ni kufuatilia dawa ikiwa tayari mikononi mwa watu.

Yule wa kwenye simu alimalizia kwa kusema kwamba Waafrika tunafanywa panya wa maabara. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mawinguni. Historia ina kurasa chafu, na ni kwa sababu yake Azimio la Helsinki liliandikwa mwaka 1964 kuweka masilahi ya mshiriki mbele ya masilahi ya sayansi. Hapa nchini jaribio la dawa halianzi mpaka kamati ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ilipitie na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, itoe kibali, na watafiti wa Moshi na wa hospitali ya Kibong'oto, ambao wamefanya tafiti za kifua kikuu kwa miaka mingi, wanajua jinsi maswali ya kamati hizo yanavyochosha. Upande mwingine wa shilingi husemwa mara chache: dawa iliyojaribiwa kwa watu wa mbali pekee hutufikia bila mtu kujua itakavyokuwa kwa mgonjwa aliyeishi na kifua kikuu kilicholala, au rangi ya kope itakavyosomwa kwenye ngozi nyeusi. Mimi nina wasiwasi zaidi na majaribio tusiyoshirikishwa kuliko na yale tunayoshirikishwa.

Anayealikwa kwenye utafiti ana haki ya kusomewa fomu kwa Kiswahili anachokielewa, kwenda nayo nyumbani akaijadili na mume, mke au mtoto aliyesoma, na kuuliza atakapodhurika nani atamtibu. Akiukataa mwaliko, au akijitoa katikati, matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Mtu akimtoza pesa ili amwingize kwenye jaribio, huyo si mtafiti. Na mtu akimuuzia kwenye duka la mtaani kidonge cha jina hilo, amuulize TMDA imekisajili lini.

Jirani yangu alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akaniambia kwamba mwezi huu mwanawe ameipandisha ile kamba shubiri moja. Nilimuuliza ni dawa gani iliyoipandisha. Akasema ni prednisoloni. Mumewe, aliyekuwa amekaa kibarazani, akasema ni ile ya kumeza mara moja kwa wiki, na mama mkwe wake akatoa kichwa mlangoni akatuambia sote tuache kubishana, ni maombi ya Jumatano.